Usimamizi wa nyongeza za ndege katika simuleta

Usimamizi wa nyongeza za ndege ni kazi ya kupanga, kuwasha, kuzima, kusasisha na kuondoa ndege za ziada ambazo mtumiaji amezisakinisha katika simuleta ya urukaji kwenye kompyuta yake. Lengo lake ni simuleta ibaki nyepesi, iwake haraka na isizimike katikati ya safari. Kanuni kuu ni kutenga vitu vilivyokuja na simuleta na vile vilivyoongezwa na mtumiaji, kisha kuwasha vile tu vinavyohitajika kwa safari husika.

Makala hii inahusu simuleta za nyumbani kama vile Microsoft Flight Simulator, X-Plane na FlightGear. Simuleta zinazotumika kufundishia marubani wa mashirika ya ndege huidhinishwa na mamlaka za usafiri wa anga zikiwa na mpangilio maalumu, na mtumiaji hawezi kuzibadilisha apendavyo.

Aina za nyongeza

Nyongeza hugawanywa katika makundi manne:

- Ndege kamili: umbo la nje, chumba cha rubani, sauti na hesabu zinazoeleza jinsi ndege inavyoruka.
- Rangi za shirika: picha zinazovalishwa ndege iliyopo tayari ili ionekane kuwa ya shirika fulani, kwa mfano Air Tanzania au Precision Air.
- Mandhari: viwanja vya ndege, majengo, miji na sura ya ardhi.
- Programu saidizi: vyombo vya urambazaji, hali ya hewa na ndege nyingine zinazoonekana angani.

Makundi haya hutegemeana. Rangi za shirika haziwezi kufanya kazi bila ndege ziliyotengenezewa. Mtumiaji akifuta ndege na kusahau rangi zake, rangi hizo hubaki kwenye diski bila faida yoyote.

Historia

Simuleta ya kwanza ya Bruce Artwick ilitolewa na kampuni ya subLOGIC mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Microsoft ilitoa Flight Simulator yake ya kwanza mwaka 1982. X-Plane, iliyobuniwa na Austin Meyer, ilifuata katika miaka ya 1990. Mradi wa FlightGear, ambao ni programu huria, ulianza mwaka 1996.

Tatizo la mrundikano lilijulikana sana wakati wa Flight Simulator X, iliyotolewa mwaka 2006. Ndege iliyoongezwa humo ilitawanya mafaili yake katika folda kadhaa: umbo lake mahali pamoja, vyombo vyake mahali pengine, na athari kama moshi na taa mahali pengine tena. Kuiondoa kabisa kulikuwa kugumu. Zaidi ya hayo, ilikuwa programu ya biti 32, ambayo haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu hata kama kompyuta ina nyingi zaidi. Ndege nzito ikikutana na mandhari nzito, kumbukumbu iliisha na simuleta ikazimika, mara nyingi karibu na kutua.

Simuleta za sasa ni za biti 64, hivyo kikomo hicho kimeondoka. Microsoft Flight Simulator ya mwaka 2020 pia iliweka kila nyongeza katika kifurushi chake chenyewe. Hata hivyo mrundikano haukwisha, kwa sababu nyongeza zenyewe zimekuwa kubwa zaidi.

Sababu na madhara ya mrundikano

Kusakinisha nyongeza ni rahisi, na nyingi hutolewa bure. Kuondoa husahaulika. Baada ya miezi kadhaa mtumiaji huwa na ndege ambazo hajazirusha tangu siku alipozipakua, matoleo mawili ya ndege ileile, na viwanja vinavyofunikana.

Madhara yake ni haya:

- Diski hujaa, na sasisho la simuleta lenyewe hukosa nafasi.
- Simuleta huchelewa kuwaka kwa kuwa husoma orodha ya vifurushi vyote kwanza.
- Nyongeza mbili zinazobadilisha kitu kimoja hugongana. Viwanja viwili vya mahali pamoja huweza kuleta majengo yanayoingiliana au barabara ya kurukia yenye mabonde.
- Hitilafu ikitokea, ni vigumu kujua imetokana na nyongeza ipi.

Kwa watumiaji wanaonunua intaneti kwa bando, kuna jambo la ziada. Ndege moja yenye picha za ubora wa juu inaweza kufikia gigabaiti kadhaa. Mtu aliyetumia bando zima kuipakua huogopa kuifuta, kwa kuwa akiihitaji tena atalazimika kulipa upya. Ndiyo maana usimamizi mzuri hautegemei kufuta. Unategemea kuzima.

Mbinu za msingi

Ghala nje ya simuleta

Nyongeza zote huwekwa katika folda moja iliyo nje ya simuleta, ambayo hutumika kama ghala. Inaweza kuwa kwenye diski ya pili au diski ya nje. Faili la zip lililopakuliwa hutunzwa humo pia, ili nyongeza ikiharibika isakinishwe upya bila kutumia bando. Simuleta ikifutwa na kuwekwa upya, ghala halipotei.

Viungo badala ya nakala

Mifumo ya uendeshaji kama Windows na Linux inaruhusu kutengeneza kiungo: folda isiyo na mafaili yake, bali inayoelekeza kwenye folda nyingine. Simuleta husoma kiungo kana kwamba ni folda yenyewe. Kuwasha ndege ni kuweka kiungo, na kuizima ni kukiondoa. Mafaili halisi hayahamishwi wala hayachukui nafasi mara mbili. Programu ya MSFS Addons Linker hufanya kazi hiyo kwa Microsoft Flight Simulator, mtumiaji akichagua kwa kubofya tu. Ghala likiwa kwenye diski ya nje, diski hiyo ichomekwe kabla ya kuwasha simuleta, la sivyo viungo havitaelekea popote.

Majina yanayoeleweka

Folda za mandhari hupangwa vizuri zikianza na msimbo wa uwanja wenye herufi nne unaotolewa chini ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga. Misimbo ya Tanzania huanza na HT, ya Kenya HK na ya Uganda HU. HTSY ni Shinyanga, HTMW Mwanza, HTDO Dodoma, HTKJ Kilimanjaro, HTZA Zanzibar na HTDA Dar es Salaam. Folda zikipangwa kialfabeti, viwanja vya nchi moja hukaa pamoja, na viwili vya mahali pamoja huonekana mara moja. Folda za ndege huanza na mtengenezaji na modeli, kisha toleo la nyongeza.

Orodha

Daftari au jedwali dogo huandika jina la nyongeza, toleo, tarehe ya kuisakinisha, mahali ilipotoka na nyongeza nyingine inazozitegemea.

Tofauti kati ya simuleta

Katika Microsoft Flight Simulator, nyongeza za mtumiaji huwekwa katika folda iitwayo Community. Kila kifurushi kina faili la manifest.json linalokitambulisha na layout.json linaloorodhesha mafaili yake. Mtumiaji akiongeza faili ndani ya kifurushi bila kusahihisha orodha hiyo, simuleta hailioni. Vifurushi vyote vilivyomo husomwa wakati wa kuwaka, hivyo folda hii ndiyo inayofaa kupunguzwa. Inashauriwa kuiacha tupu kabla ya sasisho kubwa, kisha kurudisha nyongeza kidogo kidogo. Simuleta ikizimika ghafla, inapowashwa tena hutoa nafasi ya kuanza katika hali salama, bila nyongeza hizo.

Katika X-Plane, kila ndege ina folda yake ndani ya folda ya Aircraft, pamoja na rangi na sauti zake. Mtumiaji anaweza kuongeza folda ndogo, kwa mfano moja ya ndege za abiria na nyingine ya ndege ndogo. Ndege iliyochaguliwa ndiyo inayopakiwa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo kuwa na ndege nyingi hakupunguzi kasi ya safari, ingawa hurefusha orodha na kujaza diski. Kinachochelewesha zaidi ni mandhari na programu saidizi. Mandhari hupangwa na faili la scenery_packs.ini: viwanja hukaa juu ya orodha na sura ya ardhi chini. Mpangilio ukigeuzwa, ardhi hufunika uwanja. Mandhari isiyohitajika huzimwa kwa kuandika SCENERY_PACK_DISABLED mwanzoni mwa mstari wake badala ya SCENERY_PACK.

Katika FlightGear, ndege za ziada hupakuliwa kutoka hazina ziitwazo hanga, na hazina rasmi ni FGAddon. Mtumiaji anaweza kuiambia programu itafute ndege katika folda ya nje, hivyo folda ya msingi ya simuleta haiguswi kabisa. Toleo jipya likisakinishwa, ndege hubaki mahali pake.

Katika Flight Simulator X, rangi za ndege huorodheshwa katika faili la aircraft.cfg kwa namba kuanzia sifuri. Namba moja ikirukwa, rangi zinazofuata hazionekani. Nakala ya faili hilo itunzwe kabla ya kuligusa.

Mfano: kuruka Kanda ya Ziwa

Didia ni kata ya Wilaya ya Shinyanga Vijijini, nchini Tanzania. Mtumiaji wa huko anayetaka kuiga safari za eneo lake na kwingineko anaweza kugawa nyongeza zake katika seti tatu, na kuwasha moja kwa wakati.

Seti ya kwanza ni ya ndege ndogo. Inahusisha uwanja wa Shinyanga ulioko Ibadakuli, Mwanza, Geita-Chato na viwanja vidogo vya ukanda wa migodi ya dhahabu. Ndege inayofaa ni Cessna 208 Caravan, ambayo hutumiwa na kampuni za ndani kama Auric Air ya Mwanza. Aina hii huja pamoja na Microsoft Flight Simulator ya 2020, hivyo hakuna haja ya kupakua ndege nyingine, bali rangi tu. Kwa upande mwingine, uwanja wa Geita-Chato ulijengwa baada ya mwaka 2015, kwa hiyo Flight Simulator X ya 2006 haina uwanja huo bila nyongeza.

Seti ya pili ni ya safari za ndani ya nchi: ATR 72 ya Precision Air na Dash 8 Q400 ya Air Tanzania, pamoja na viwanja vya Mwanza, Dodoma na Dar es Salaam. Hapa umri wa mandhari huangaliwa. Jengo la tatu la abiria la Uwanja wa Julius Nyerere lilizinduliwa mwaka 2019, hivyo mandhari iliyotengenezwa kabla ya ujenzi wake haina jengo hilo.

Seti ya tatu ni ya masafa marefu, ambapo kosa la kawaida ni kuchanganya modeli. Air Tanzania ilipokea Boeing 787-8 mwaka 2018, lakini Boeing 787 ya Microsoft Flight Simulator ya 2020 ni 787-10, tena hupatikana katika toleo la bei ya juu tu. Vilevile X-Plane 12 huja na Boeing 737-800, wakati Air Tanzania ilipokea 737 MAX 9 mwaka 2023. Rangi zilizochorwa kwa modeli moja hazikai sawasawa kwenye nyingine. Kusoma namba kamili ya modeli kabla ya kupakua huokoa bando na nafasi.

Kutafuta nyongeza yenye hitilafu

Simuleta ikianza kuzimika, njia ya haraka ni kugawa kwa nusu. Kwanza nyongeza zote huzimwa. Simuleta ikifanya kazi vizuri, nusu yake huwashwa. Tatizo likirudi, limo katika nusu hiyo, lisiporudi, limo katika nusu nyingine. Nusu yenye tatizo hugawanywa tena. Kwa nyongeza 32, ile yenye hitilafu hupatikana kwa majaribio matano baada ya lile la kwanza, badala ya kupima moja moja hadi mara 31. Iwapo tatizo linatokea tu nyongeza mbili zinapokuwa pamoja, kila nusu ikipimwa peke yake huweza kuonekana nzima, na hapo orodha ya utegemezi husaidia. X-Plane pia huandika kumbukumbu za uendeshaji katika faili la Log.txt, ambalo mistari yake ya mwisho huweza kuonyesha kilichokuwa kikipakiwa.

Leseni na usalama

Nyongeza za bure si lazima ziwe huria. Ndege za FGAddon zina leseni ya GPL inayoruhusu kunakili na kusambaza. Nyingine hutolewa bure kwa matumizi binafsi tu, na za kulipia haziruhusiwi kugawanwa kwa flashi. Nakala zilizoibwa huweza kuwa na virusi, hasa zikija kama programu ya kusakinisha badala ya folda ya kawaida, na kwa kawaida hazipati masahihisho ya mtengenezaji.

Tazama pia

- Simuleta
- Programu huria
- Air Tanzania
- Uwanja wa ndege wa Shinyanga
- Uwanja wa ndege wa Mwanza