Andalio la Insha

Kila mwalimu wa shule za Tanzania analijua andalio la somo. Halina haja ya kufafanuliwa: linaeleza kipindi kitaanzia wapi, mwalimu atafanya nini, wanafunzi watafanya nini na kila hatua itachukua dakika ngapi. Mthibiti ubora akifika shuleni, hiyo ni mojawapo ya hati za kwanza atakazoziulizia. Cha ajabu ni kwamba mwalimu huyohuyo, akimtaka mwanafunzi aipange insha kabla ya kuiandika, neno humpotea. Mmoja atasema "andika muhtasari", mwingine "toa dondoo", mwingine "weka vidokezo".

Muhtasari una kazi zake tayari. Katika ofisi ya kijiji, muhtasari ni kumbukumbu za kikao kilichokwisha fungwa. Katika mtihani wa ufahamu, ni kufupisha habari iliyokwisha andikwa. Ndiyo maana mwanafunzi akiambiwa aanze na muhtasari hufanya jambo la busara kabisa: huandika insha nzima kwanza, kisha huifupisha na kuibandika mwanzoni. Dondoo nalo huchotwa katika maandiko yaliyopo. Andalio ndilo linalotazama mbele. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lilianzishwa mwaka 1967 na kusanifisha istilahi ni sehemu ya kazi yake, lakini hapa hakuna cha kuunda. Neno lipo juu ya meza ya mwalimu. Anachotakiwa ni kumgawia mwanafunzi.

Likishapatikana jina la mpango, tuangalie jina la insha yenyewe. Wengi huiita insha ya kushawishi. Katika kata ya Nemba, wilayani Biharamulo, darasa moja linaweza kuwa na watoto wa Kisubi, wa Kihangaza na wa Kisukuma, na kwa wengi wao Kiswahili kizito hutoka katika redio, mtihani na nyumba ya ibada. Mtoto wa Kikatoliki amesali Baba Yetu tangu utotoni, na humo kishawishi ni kitu anachomwomba Mungu amwepushe nacho. Anayeshawishiwa hapewi sababu, anavutwa. Tukimwambia mtoto huyo "shawishi msomaji", tusishangae akija na maneno matamu, methali tatu na mwito wa uzalendo, bila ushahidi hata mmoja. Amefanya alichoagizwa.

Afadhali insha ya hoja. Hili ni neno ambalo redio imelifundisha vizuri kuliko sisi. Bungeni mtu husimama "kutoa hoja", mwingine huiunga mkono, mwingine huipinga, na mwishoni wabunge huamua. Hoja ya namna hiyo haikamiliki kabla mtu wa pili hajapata nafasi ya kuikataa. Hata mitaani tunasema hoja hujibiwa kwa hoja. Ila mtihani umeifanyia hoja jambo baya: umeigeuza kuwa kitu cha kuhesabiwa. "Jadili kwa hoja sita." "Toa hoja tatu kutoka katika kila kitabu." Mwanafunzi anajifunza kwamba hoja ni aya yenye namba, na kwamba sita ni bora kuliko mbili.

Chukua mada iliyo karibu na nyumbani: manufaa ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, jumla ya kilometa za mraba 4,707. Andalio la kawaida litakuwa hivi: 1. Italeta ajira. 2. Itaongeza mapato. 3. Itakuza uchumi. Yaandike ubaoni, mstari chini ya mstari, na darasa litaona lenyewe: ni jambo moja lililovaa kanzu tatu. Ndani ya insha ya kurasa nne lisingeonekana, kwa sababu kila aya ingekuwa na mapambo yake. Kwenye andalio halina pa kujificha.

Sasa libadilishe. Badala ya "hoja ya kwanza", andika "dai": vijana wa vijiji vinavyopakana na hifadhi wapewe kipaumbele katika ajira zake. Chini yake andika "anayekataa". Yuko ofisa atakayesema kazi hutolewa kwa sifa, wala si kwa ujirani. Yuko mfugaji atakayesema yeye hakuomba kazi, anataka nyasi na maji. Kisha "ushahidi": nani ana takwimu za walioajiriwa, mtendaji wa kata anajua nini, wazee wanakumbuka nini tangu enzi za pori la akiba? Hapo ndipo utafiti unapoanza, kwa sababu mwanafunzi amejua anachokitafuta na anayemtafutia.

Mstari wa mwisho uitwe "mashiko". Tunasema kila siku kwamba hoja fulani haina mashiko, lakini mara chache tunamwonyesha mwanafunzi mahali pa kuyatazama. Yako kati ya dai na ushahidi. Idadi ya watalii, hata iwe kubwa namna gani, haithibitishi kwamba kijana wa kijijini ameajiriwa. Ni ushahidi wa jambo jingine. Akigundua hivyo akiwa bado kwenye andalio, atafuta mstari mmoja. Akigundua kwenye insha, atafuta ukurasa, na wengi kwa huruma ya jasho lao hawaufuti.

Kwa hiyo andalio liwe na mistari minne kwa kila dai: dai lenyewe, anayekataa, ushahidi na mashiko. Na mwalimu alisahihishe hilo kabla ya kuruhusu utangulizi uandikwe. Madai mawili yaliyojibu wapinzani wake yanatosha. Hoja nyingine nne za zile sita ziachwe kwa ajili ya chumba cha mtihani, mpaka watungaji wake nao wajifunze kuuliza vinginevyo.