Mshahara Bila Tiba: Wapiganaji wa Sudan Kusini na Majeraha ya Akili, 1955–2022

Amani ya Sudan Kusini imetiwa saini mara nyingi: Addis Ababa mwaka 1972, Nairobi mwaka 2005, kisha mikataba ya 2015 na 2018. Kila mara swali lililosumbua mezani lilikuwa lile lile: wenye bunduki wafanywe nini? Jibu nalo halikubadilika sana. Wapewe vyeo, waandikwe katika orodha ya mishahara, na wachache waliobaki warudishwe vijijini na kifurushi cha kuanzia maisha. Kilichokuwa kikiwaamsha usiku hakikuwa na mwenyewe katika hesabu hizo. Makala hii inafuatilia jinsi pengo hilo lilivyojengeka, tangu enzi ambapo muuaji alikuwa na mahali pa kukimbilia hadi leo ambapo aliyejeruhiwa akili anaweza kuishia gerezani.

Mkono unaochanjwa

Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, aliyeishi miongoni mwa Wanuer katika miaka ya 1930, alieleza desturi iliyomhusu kila aliyeua. Mtu huyo hakula wala kunywa mpaka afike kwa kuhani wa ardhi, yule aliyevaa ngozi ya chui. Kuhani alimchanja mkono kwa mkuki wa kuvulia samaki, kuanzia begani kushuka chini, ili damu ya marehemu iliyoaminika kuwa imemwingia itoke. Muuaji alikaa kwa kuhani, salama dhidi ya walipa kisasi, huku ng'ombe wa fidia wakitafutwa na koo mbili zikipatanishwa. Kwa Waacholi, wanaoishi pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Sudan Kusini, aliyerudi baada ya kukaa mbali hukanyaga yai kabla ya kuingia nyumbani, na mauaji hufungwa kwa koo mbili kunywa pamoja dawa chungu ya mti wa oput.

Hakuna aliyeziita desturi hizo matibabu ya akili. Hata hivyo zilikubali jambo ambalo majeshi mengi yalichukua muda mrefu kulikubali: kuua humdhuru hata aliyeua. Tena zilimwonyesha pa kwenda siku ile ile, na zikaifanya kazi ya kumrudisha kuwa ya jamii nzima.

Ulaya yenyewe ilijifunza kwa shida. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wa Kiingereza waliotetemeka na kupotewa na sauti walidhaniwa kuwa waoga, kabla ya hospitali kama ya Maghull, karibu na Liverpool, kuanza kuwatibu kwa mazungumzo. Miongoni mwa madaktari wa Maghull alikuwa C. G. Seligman, ambaye tayari alikuwa amefanya utafiti Sudan na ambaye baada ya vita alirudi huko na mkewe Brenda kuandika juu ya watu wa Nile. Jina la kitabibu la mkazo wa baada ya kiwewe lilikuja kuingizwa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980 tu, baada ya shinikizo la wanajeshi waliorudi kutoka Vietnam.

Kutoka Torit hadi Bor

Kufikia mwaka huo wa 1980, wapiganaji wa Anyanya, waasi wa kusini mwa Sudan, walikuwa wametoka msituni miaka minane. Vita vyao vilianzia katika maasi ya askari wa kikosi cha Ikwatoria mjini Torit, Agosti 1955, na vikamalizwa na Mkataba wa Addis Ababa wa 1972, wakati Joseph Lagu akiwa kiongozi wa waasi wa kusini. Wapiganaji wapatao 6,000 waliingizwa katika jeshi la taifa, wengine wakapelekwa polisi, magereza na idara ya wanyamapori. Elimu ya magonjwa ya akili ilikuwapo Sudan: Tigani el Mahi, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa fani hiyo barani Afrika, alifungua kliniki ya maradhi hayo Khartoum Kaskazini mwaka 1950, na alisifika kwa kushirikiana na waganga wa jadi. Lakini Khartoum iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Juba, na kwa askari aliyepigana miaka mingi dhidi ya serikali ya mji huo, umbali haukuwa wa kilomita peke yake.

Ndani ya jeshi hilo la taifa, watu waliokuwa wakiuana jana waliwekwa bweni moja. Akobo ilishuhudia maasi mwaka 1975, Wau mwaka 1976, na Mei 1983 batalioni ya 105 ya Bor ikaasi. Hapo jeshi jipya la waasi, SPLA, likazaliwa chini ya John Garang.

Vita visivyo na fidia

Vita hivi vya pili vilifanya jambo jipya. Mwanaanthropolojia Sharon Hutchinson, katika kitabu chake Nuer Dilemmas cha 1996, anaeleza jinsi Riek Machar na makamanda wenzake wa SPLA walivyowafundisha askari kwamba kuna vita vya nyumbani na vita vya serikali. Anayeua katika vita vya serikali, walisema, hana unajisi, hahitaji kuchanjwa, wala hakuna ng'ombe wa kulipa. Kijeshi hoja hiyo ilikuwa na faida, kwani jeshi haliwezi kusimama kila baada ya mapambano ili askari waende kwa kuhani. Ila baada ya mgawanyiko wa SPLA mwaka 1991, bunduki ziligeuzwa kwa majirani na hata kwa ndugu, na askari akabaki na marehemu asiyedaiwa na yeyote. Tambiko lilikuwa limeondolewa kabla ya hospitali kufika.

Majeraha ya mwili yalipata mlango. Kuanzia 1987 hadi 2006, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliendesha hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, ambako majeruhi walipelekwa kwa ndege na waliokatwa viungo wakatengenezewa vya bandia. Watoto waliopitia Jeshi Jekundu, vikosi vya watoto vya SPLA, walibeba majeraha ya kwao. Mwanamuziki Emmanuel Jal, aliyechukuliwa vitani akiwa mtoto kisha akasoma Kenya, amesimulia hadharani jinamizi lililomfuata hadi utu uzima, na jinsi muziki ulivyokuwa njia yake ya kulikabili.

Orodha ya mishahara

Mkataba wa Januari 9, 2005 ulifuatiwa mwaka mmoja baadaye na Azimio la Juba, lililowaingiza ndani ya SPLA wanamgambo wa Paulino Matip waliokuwa upande wa Khartoum. Amani ilinunuliwa kwa mishahara, na hadi uhuru wa Julai 2011 jeshi lilikuwa limevuka watu 200,000. Mpango wa kuwarudisha wapiganaji uraiani ulilenga watu 90,000 upande wa kusini, lakini awamu yake ya kwanza, kati ya 2009 na 2011, ilifikia takriban 12,500, wengi wao wanawake na wenye ulemavu.

Wakati huo ushahidi ulikuwa mezani. Utafiti uliofanywa Juba mwaka 2007 kwa watu wazima 1,242 ulionyesha asilimia 36 wakiwa na dalili za mkazo wa baada ya kiwewe na asilimia 50 dalili za sonona. Hao walikuwa wakazi wa mji kwa jumla. Baada ya vita kulipuka tena Juba Desemba 2013, uchunguzi wa 2015 katika maeneo mbalimbali ya nchi uliwakuta asilimia 41 na dalili hizo za kiwewe.

Vitanda 12

Mwaka 2016, Amnesty International iliripoti kwamba nchi nzima ilikuwa na madaktari bingwa wawili wa magonjwa ya akili, na kwamba wodi pekee ya umma, katika Hospitali ya Mafunzo ya Juba, ilikuwa na vitanda 12. Gereza Kuu la Juba lilikuwa na zaidi ya watu 80 waliotajwa kuwa wagonjwa wa akili, wengine bila kosa lolote, kwa kuwa familia hazikuwa na pengine pa kuwapeleka. Aliyekatwa mguu aliweza kwenda kituo cha viungo bandia hapo hapo Juba. Mwenzake anayeruka kitandani kila usiku alibaki na kanisa, araki, au kimya, akijua pia kwamba anayetajwa kuwa na kichaa anaweza kupoteza cheo chake.

Tiba inayofaa ipo, na ilijaribiwa karibu. Katika kambi ya Imvepi, kaskazini mwa Uganda, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz waliwatibu wakimbizi 43 wa Kisudan. Waliosaidiwa kusimulia maisha yao yote kwa mpangilio, vita vikiwemo, walipona kuliko wengine: baada ya mwaka, asilimia 29 tu walikuwa bado na ugonjwa, ilhali waliopewa ushauri wa kawaida au elimu peke yake walikuwa karibu asilimia 80. Baadaye, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, pia nchini Uganda, wakimbizi wenyewe walifunzwa kuwa wanasihi na wakaifanya kazi hiyo vizuri. Kwa hiyo uchache wa madaktari bingwa hautoshi kuwa sababu ya kutoanza.

Agosti 30, 2022, kundi la kwanza la vikosi vya pamoja vya mkataba wa 2018 lilihitimu mbele ya kaburi la Garang mjini Juba, sehemu ya jeshi lililokusudiwa kufikia watu 83,000. Tangu hapo mishahara yenyewe imekuwa ikichelewa kwa miezi. Hivyo hata ile dawa pekee ambayo dola iliwapa wapiganaji wake imeadimika. Nusu karne ya mikataba inaonyesha kwamba mshahara hununua utulivu wa muda, na kwamba askari asiyetibiwa hurudi vitani kwa urahisi, au hugeuzia vita nyumba yake. Kama kutakuwa na awamu nyingine ya kuwapokonya watu silaha, mnasihi aliyefunzwa awepo kambini siku ile ile bunduki inapokabidhiwa, pamoja na wazee wa koo wanaojua kumpokea aliyeua. Gharama yake ni ndogo kuliko ya batalioni moja iliyoasi.