Vitabu Viwili vya Usharika: Kanisa la Kilutheri na Mtoto Aliyechelewa Kukua katika Mkoa wa Singida

Utangulizi

Kila usharika wa Kanisa letu hutunza vitabu viwili ambavyo mwanahistoria hapaswi kuvidharau. Cha kwanza ni kitabu cha ubatizo, cha pili ni kitabu cha kipaimara. Mtu akivifungua sambamba na kufuatisha majina, ataona kwamba baadhi ya watoto waliobatizwa hawaonekani tena katika kitabu cha pili. Wengine walifariki. Wengine walihama na wazazi wao kutafuta malisho au kazi mjini. Lakini wapo ambao hawakufa wala hawakuhama. Wamo nyumbani, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kanisani, na hakuna aliyewaita.

Mwandishi wa makala hii alipokuwa mchungaji wa usharika mmoja mkoani Singida aliletewa jambo hili na mama mmoja. Mwanawe alikuwa na umri wa miaka 14, hakuweza kusema maneno zaidi ya machache, na alitembea kwa shida. Mama aliuliza kama mtoto anaweza kuandikwa katika darasa la kipaimara. Nilimjibu kwa upole kwamba tungoje mpaka aweze kujifunza Katekisimu. Mama alishukuru, akaondoka, wala hakurudi tena na ombi lile. Jibu langu lilionekana la busara siku ile. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa njia ya historia, lilikotoka jibu kama hilo, na kwa nini halikuwa la Kilutheri kama nilivyodhani.

Mtoto wa Dessau

Hatuna budi kuanza na jambo lenye kutia uchungu. Katika mazungumzo ya mezani ya Martin Luther, yaliyoandikwa na wanafunzi na rafiki zake, imo habari ya mtoto wa miaka 12 ambaye Luther alimwona Dessau. Mtoto huyo alikula sana, alilia, alicheka, wala hakuweza kutenda neno jingine. Luther alimdhania kuwa mtoto aliyebadilishwa na shetani, akawaambia wakuu wa nchi kwamba kama angekuwa na mamlaka angemtupa mtoni. Wakuu wale hawakukubali. Ndipo aliposhauri Wakristo wasali Baba Yetu kanisani ili shetani aondolewe. Habari hii ilichapishwa na Johannes Aurifaber mwaka 1566, miaka 20 baada ya Luther kufa.

Wako wanaotaka habari hii isisomwe kwa wanafunzi. Maoni yetu ni kwamba isomwe, kwa sababu mbili. Kwanza, inatuonyesha kwamba dhana ya mtoto wa namna hii kuwa kazi ya pepo au uchawi haikuwa ya Waafrika peke yao. Imani ya mtoto aliyebadilishwa ilienea Ulaya nzima. Mwalimu mkuu wa Kanisa letu aliishika kama ambavyo wazee wa vijiji vyetu walivyoshika zao. Kwa hiyo haifai mhubiri asimame Iramba au Unyaturu na kudharau mila za babu zake kana kwamba Ukristo uliotoka Ulaya haukuwa na giza hilohilo.

Pili, habari hii inapingwa na mafundisho ya Luther mwenyewe. Katika Katekisimu Kubwa ya mwaka 1529 alifundisha kwamba ubatizo haujengwi juu ya imani wala akili ya anayebatizwa, bali juu ya Neno na agizo la Mungu. Imani huupokea ubatizo, haiufanyi. Kwa sababu hiyo alitetea ubatizo wa watoto wachanga, ambao hawawezi kueleza lolote. Tukishika fundisho hilo, hatuna njia ya kusema kwamba mtoto asiyeweza kujieleza anapofika miaka 14 amekuwa mbali na neema kuliko alivyokuwa akiwa na siku 14. Theolojia ya kisimani ilikuwa na nguvu kuliko mazungumzo ya mezani, ingawa haikutumiwa sikuzote.

Betheli na Bethfage

Kanisa lililozaliwa na matengenezo hayo lilichukua karne nyingi kulitambua jambo hili. Mwaka 1867 ilianzishwa nyumba karibu na Bielefeld, Ujerumani, kwa ajili ya watu wenye kifafa. Mwaka 1872 alikabidhiwa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, naye akaikuza ikawa mji mzima wa Betheli. Watu waliofichwa nyumbani walipewa kazi, ibada na majirani. Jina la Betheli si geni kwetu, kwa kuwa wamisionari wa Betheli walifanya kazi Usambara na Buhaya. Huko Lutindi, katika milima ya Usambara, makao yaliyojengwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani yaligeuzwa baadaye kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili.

Mkondo wa pili unatuhusu zaidi sisi wa Singida. Mwaka 1913, katika kijiji cha Axtell, jimbo la Nebraska, Marekani, mchungaji K. G. William Dahl alianzisha makao ya watu wenye kifafa na ulemavu wa akili. Aliyaita Bethphage, yaani Bethfage, kwa jina la kile kijiji ambako Bwana alituma wanafunzi wamfungue punda. Dahl alifariki mwaka 1917, akiwa bado kijana. Alikuwa mchungaji wa Sinodi ya Augustana, kanisa la wahamiaji wa Kiswidi. Sinodi hiyohiyo ndiyo iliyotuma wamisionari kwetu.

Historia hiyo yajulikana. Wamisionari wa Leipzig walikuwa wamekwisha kuingia Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya vita Wajerumani waliondolewa nchini, na Augustana wakaombwa kusaidia. Ralph Hult na George N. Anderson ni miongoni mwa wa kwanza waliofika Tanganyika, mwaka 1924. Leipzig waliporudi kaskazini katikati ya miaka ya 1920, Augustana walikabidhiwa eneo la Iramba na Unyaturu. Kutokana na kazi hiyo likazaliwa Kanisa la Kilutheri la Tanganyika ya Kati, moja ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 kuwa KKKT, na leo ni Dayosisi ya Kati.

Msomaji atauliza: Ikiwa Augustana walikuwa na Bethfage nyumbani kwao, mbona kazi iliyokumbukwa Iramba ni ya shule, zahanati na hospitali? Jibu halihitaji kuwalaumu watu waliofanya kazi katika nchi kame, kwa fedha chache. Tatizo lilikuwa katika umbo la kazi yenyewe. Kanisa la Afrika Mashariki lilianza kama shule. Wakristo wa kwanza waliitwa wasomaji. Aliyejua kusoma na kukariri aliingia, akabatizwa, akapata kipaimara, akawa mwalimu au mwinjilisti. Njia hiyo iliwainua wengi, na hatuna budi kuishukuru. Lakini mtoto asiyeweza kusoma hakuwa na mlango wa kuingilia. Hakuna aliyemfukuza; alikosa tu mahali pa kuandikwa.

Lilipokuja jaribu kubwa

Matokeo ya kumpima mtu kwa akili na manufaa yake yalionekana kwa ukatili mkubwa Ujerumani. Miaka ya 1940 na 1941 utawala wa Hitler uliwaua kwa gesi watu zaidi ya 70,000 wenye ulemavu na magonjwa ya akili, ukiwaita watu wasiostahili kuishi. Mwana wa Bodelschwingh, ambaye naye aliitwa Friedrich, alikataa kujaza fomu za kuwaorodhesha wakaaji wa Betheli. Mchungaji Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga, na Askofu Theophil Wurm wa Württemberg alituma barua ya malalamiko mwaka 1940. Lakini penginepo nyumba za rehema za Kanisa ziliwatoa watu wao. Kutoka Neuendettelsau, mahali mashuhuri kwa mashemasi wake wa kike wa Kilutheri, walihamishwa wakaaji zaidi ya 1,000, na wengi wao waliuawa.

Somo kwa wachungaji ni hili: udiakonia uliojitenga na theolojia ya ubatizo hausimami siku ya jaribu. Majengo yalikuwapo pande zote mbili. Palipokuwa na tofauti, ilitokana na watu waliokataa kuhesabu thamani ya binadamu kwa kazi awezayo kufanya.

Mlango uliofunguka Tanzania

Umoja wa Mataifa ulitangaza mwaka 1981 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Watu Wenye Ulemavu. Mwaka huohuo Kanisa letu lilianzisha shule ya watoto viziwi Mwanga, Kilimanjaro. Kabla ya hapo, tangu miaka ya 1960, palikuwa na shule ya wasioona Irente, Lushoto. Watoto wenye ulemavu wa akili na usonji walingoja muda mrefu zaidi. Shule yao ya Irente ilifunguliwa mwaka 2005. Chuo cha Sebastian Kolowa, kilichoanza Lushoto mwaka 2007, kilitoa shahada ya elimu maalumu. Moshi nako, Dayosisi ya Kaskazini ilianza vituo vya kulelea watoto hao mchana, kwa ushirikiano na shirika la Mosaic la Marekani. Mosaic lilizaliwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa kwa mashirika mawili ya Kilutheri, na moja lilikuwa Bethphage ya mchungaji Dahl. Hivyo mkondo wa Axtell ulifika Tanzania baada ya miaka 90 na zaidi, lakini ulipitia Moshi badala ya Iramba.

Serikali nayo ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Desemba 2021 ilizindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, inayomhusu mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Programu hiyo imejengwa juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ulinzi na usalama, na fursa za kujifunza mapema.

Tangu lini?

Baba alipomleta mwanawe aliyekuwa akianguka kifafa, Bwana Yesu alimwuliza limempata tangu lini (Marko 9). Kabla ya kuponya aliuliza historia, naye baba akapata nafasi ya kusimulia miaka yake ya mashaka. Yafaa mchungaji naye aulize hivyo, kwa sababu mara nyingi majibu yanajulikana. Mtoto alichelewa kulia alipozaliwa, naye alizaliwa nyumbani au njiani kwenda hospitali. Aliugua manjano kali siku za kwanza. Alipata malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo, akashikwa na degedege. Mengine huanza tumboni, wala hayana aliyeyasababisha.

Maarifa haya yanaokoa. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 jirani na mpaka wa Singida, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 za Tanzania ambako wakunga walifundishwa kuwasaidia watoto wachanga kupumua katika dakika ya kwanza. Taarifa iliyotolewa mwaka 2013 ilionyesha kwamba vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Dakika hiyohiyo inayookoa uhai huokoa pia ubongo.

Na mtoto aliyekwisha kuchelewa? Hapo ndipo usharika una kazi kubwa, nayo haidai jengo. Mtoto asiyeweza kuketi huweza kutengenezewa kiti cha mbao chenye pembe na seremala wa mtaani. Alishwe akiwa ameketi wima, polepole, wala asilazwe chali, kwa maana chakula kikiingia mapafuni huua. Asemeshwe na kuimbiwa hata kama hajibu. Mama afundishwe na mtaalamu kumnyoosha viungo kila siku, nao akina mama wa usharika wapokezane kumsaidia, hasa msimu wa palizi, anapolazimika kuchagua kati ya shamba la uwele na mtoto. Akiwa na kifafa, apelekwe kliniki na asiachishwe dawa kwa sababu ya maombi.

La muhimu zaidi ni neno la mchungaji nyumbani mle. Katika nyumba nyingi mama ndiye hulaumiwa, na baba huondoka au hushauriwa kuoa mwingine. Mchungaji akienda na kuketi na wazee wa ukoo, akaeleza kwamba mtoto huyu si laana wala malipo ya dhambi, kama Bwana alivyowajibu wanafunzi wake katika Yohana 9, amefanya kazi ambayo daktari hawezi kuifanya.

Hitimisho

Luther katika dibaji ya Katekisimu Ndogo aliagiza kwamba wanaokataa kujifunza wasikaribishwe kwenye sakramenti. Sisi tumelitumia agizo hilo kwa wasioweza kujifunza. Anayekataa na asiyeweza si mtu mmoja. Mefiboshethi aliangushwa na mlezi wake akiwa na miaka mitano, akawa kiwete, naye Daudi hakungoja apone ndipo ale mezani pa mfalme.

Nilipohamishwa kutoka usharika ule nilipita kumuaga yule mama. Nilimkuta mwanawe ameketi mlangoni, na kwaya iliyokuwa ikifanya mazoezi ilisikika hadi pale. Alikuwa akiufuata wimbo kwa kichwa, bila kukosea mapigo. Nilifahamu kwamba alikuwa akihudhuria ibada muda wote huo, akiwa nje. Ninawasihi ndugu zangu wachungaji, na ninyi wanafunzi mtakaopangiwa sharika hivi karibuni, mtoe vile vitabu viwili kabatini katika juma la kwanza, mlinganishe majina, kisha mkavitafute vilivyopungua kwa miguu yenu.