Kamera za Zamani: Ukweli na Uzushi

Mjukuu wangu alikuja likizo, akaiona kamera yangu ya Zenit juu ya kabati, akaishika kama mtu aliyeokota mkuki wa enzi za babu zake. Akauliza betri inawekwa wapi. Nikamwambia haina, wala haijapata kuwa nayo. Kile kioo chenye vinundu kilicho juu ya lenzi ni kipima mwanga. Ndani yake mna seleniamu, kitu ambacho kikipigwa na mwanga hutoa umeme kidogo, na umeme huo ndio unaosogeza sindano. Warusi walianza kuunda aina hiyo, Zenit-E, mwaka 1965. Mtoto hakuamini hata kidogo. Aliniona nazeeka vibaya.

Basi nimeona niandike machache, maana juu ya vyombo hivi yamesemwa mengi, na mengine niliyasema mimi mwenyewe mbele ya darasa.

Nilipokuwa mdogo huku Handeni, kupigwa picha halikuwa jambo la mchezo. Wazee walinong'ona kwamba kamera hunyonya damu, na kwamba mpiga picha mwenye chumba cha giza chenye taa nyekundu hana tofauti na mumiani. Tuliambiwa pia kwamba watu watatu wakipigwa picha pamoja, yule wa katikati hutangulia kufa. Mama yangu mkubwa alikuwa akitafuta mtu wa nne, hata awe mtoto mchanga, ndipo akubali kusimama.

Nilipotoka chuo cha ualimu Korogwe nikiwa kijana mwenye majivuno, niliyasambaratisha hayo yote kwa chaki. Taa ni nyekundu kwa sababu karatasi ya kuchapia picha za nyeusi na nyeupe haidhuriwi na mwanga mwekundu, basi. Niliwaeleza wanafunzi habari za George Eastman wa Marekani, aliyeanza mwaka 1888 kuuza kamera ya Kodak ikiwa na filamu ya picha 100 ndani; ukizimaliza, unairudisha kamera nzima kiwandani wakusafishie. Mwaka 1900 ikaja Brownie, kisanduku tu cha dola moja, kilichokusudiwa hata watoto. Na kila mara nilifunga somo kwa sentensi niliyoipenda: kamera haina uchawi, na kamera haidanganyi.

Mwaka 1988 tulimwita mpiga picha kutoka Korogwe aje kuwapiga darasa la saba picha ya rangi. Alikuja na basi la asubuhi, vumbi hadi kwenye kope, akafika jua limeshapanda. Watoto walikuwa na mashati meupe yaliyopigwa pasi ya mkaa. Picha ziliporudi baada ya wiki kadhaa, mashati yaling'aa. Mimi na wale maji ya kunde tulionekana vizuri. Lakini kijana mmoja, mweusi sana, aliyesimama mstari wa nyuma karibu na mwembe, hakuwa na uso. Palikuwa na shati, kola, na juu yake giza.

Mama yake alikuja ofisini na picha ameifunga kwenye pindo la khanga. "Mwalimu, mwanangu yuko wapi hapa?" Nikamjibu kwamba kijana hakutulia, aliinamisha kichwa. Akanitazama akasema, "Mwalimu, kamera hii haiwataki watu weusi." Nilicheka. Nilimcheka mtu mzima mbele ya walimu wenzangu, nikadhani nimeondoa ujinga mwingine.

Nilikuwa nimeshastaafu niliposoma habari ambazo zingenifunga mdomo siku ile. Kipima mwanga cha kamera kama Zenit hakijui uso wala shati; hupima mwanga wa eneo zima na kuchukua wastani. Mashati meupe juani yakiwa mengi, humwambia mpiga picha apunguze mwanga, na anayeumia ni mwenye ngozi nyeusi aliye kivulini. Zaidi ya hayo, filamu za rangi zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Kwa miaka mingi Kodak ilipeleka kwa wasafishaji picha kadi ya mwanamke wa Kizungu, iliyoitwa Shirley, na rangi za picha zilirekebishwa mpaka ngozi yake itoke sawasawa. Mwaka 2009 mtafiti wa Canada, Lorna Roth, aliandika kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka filamu zikaboreshwa walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia hazikutoka vizuri. Nililisoma hilo mara mbili. Kabati lilisikilizwa.

Yule mama alirudi kwangu mara ya pili, mwaka 1993. Kijana alikuwa amefariki. Hakuwa na picha yake nyingine yoyote. Aliomba kitu kimoja: je, picha ile haiwezi kusafishwa tena, uso utoke? Safari hii sikucheka. Nilimwambia kwa upole, kama mtu anayejua, kwamba picha ikishatoka imetoka.

Huo nao ulikuwa uzushi, na ulitoka kinywani mwangu. Negativu mara nyingi hubeba zaidi ya kile kilichochapwa kwenye karatasi. Fundi mwenye subira angeweza kuichapa upya, akiupa ule upande wa mwembe mwanga mdogo zaidi, na huenda macho na mashavu yangejitokeza, hata kwa ukungu. Negativu wakati ule zilikuwepo Korogwe, mwendo wa basi moja, ndani ya makopo ya biskuti chini ya kaunta ya yule mpiga picha. Nilipokwenda kuziulizia miaka mingi baadaye, pale dukani paliuzwa vocha za simu. Mwenyewe alishakufa, na makopo watoto wake walikuwa wamewekea misumari.

Mama yule naye hayupo tena. Picha anayo binti yake. Nilipomtembelea alinionyesha, ameweka kidole juu ya ile kola nyeupe, pale mama yake alipokuwa akikiweka, na karatasi mahali hapo imechakaa.