Risasi, Baruti na Fataki: Maneno ya Bunduki Katika Kiunguja

Nchini Marekani wako maelfu ya watu washindanao kulenga shabaha kwa silaha za mtindo wa karne ya 19, na wengi wao huyajaza upya wenyewe maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa. Mfasiri aletewaye maelezo ya kazi hiyo hushawishika kudhani kwamba Kiswahili hakina maneno yake. Maneno yapo, na mengi yalitumika Unguja kabla ganda lenyewe halijafika.

Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Sayyid Said na Marekani uliwaruhusu Wamarekani kuuza bidhaa zao katika bandari zote za Sultani. Ila bunduki, baruti na risasi, zikiwa Unguja, ziliuzwa kwa serikali peke yake. Bunduki za wakati ule zilijazwa mdomoni. Mpigaji alimimina baruti, akatia risasi au marisau, akashindilia kwa mdeki. Zile za gumegume ziliwashwa kwa cheche za jiwe. Zilizozifuata zilivikwa fataki juu ya kifa, yaani chuchu ya bunduki. Kila kitu kilipita mkononi mwa mtu, na kwa hiyo kila kitu kilikuwa na jina. Risasi, neno tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni ile madini tu. Baruti iliyopimwa na kufungwa pamoja na risasi yake iliitwa kiasi cha bunduki.

Lilipokuja ganda la shaba, vyote vikafungiwa chumba kimoja, na jina la kimoja likameza majina ya wenziwe. Leo risasi ni kitu kizima, na ndivyo isemavyo hata sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi. Fataki imehamia kwenye sherehe. Kiasi kimebaki kipimo tu.

Nionavyo mimi, si busara kuinyang'anya risasi maana iliyokwisha kupewa na polisi na mahakama. Kile kipande cha madini na kiitwe kichwa cha risasi, na fataki irudishwe kazini. Kwa kitendo chenyewe wako watakaopendelea kushindilia. Ni neno zuri, lakini lina hatari. Baruti nyeusi, ambayo ni mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa, hushindiliwa kidogo ndani ya ganda pasibaki nafasi ya hewa. Baruti isiyo moshi, iliyovumbuliwa Ufaransa mwaka 1884, ina nguvu kupita ile mara kadhaa. Hupimwa kwa mizani, na aghalabu hailijazi ganda. Aishindiliaye kama nyeusi aweza kupasukiwa na bunduki mkononi. Heri kusema kujaza ganda.

Tofauti hii si ngeni Unguja. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao Zanzibar ilishiriki, ulizuia bunduki za kisasa na viasi vyake, ukaacha mlango kwa gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Karani wa forodha aliyesoma "baruti" peke yake katika hati ya mzigo hakuweza kujua auzuie au aupitishe. Mfasiri wa leo asimwachie msomaji wake shaka ile ile: kila lijapo neno hilo, aandike baruti nyeusi, au baruti isiyo moshi.