Kisu cha kazi na kisu cha urithi: kipi kinolewe, kipi kiachwe

Kila inapokaribia Idi ya kuchinja, visu hutolewa makabatini na vifuani vikapelekwa kwa fundi wa mashine. Vingi ni visu vya kawaida, wala havina hasara kubwa. Lakini ndani ya fungu hilo mara nyingine huwamo kisu cha marehemu babu, pengine jambia, nacho hurudi kinang'aa kama sahani mpya, kimepungua upana, na makali yake hayakai hata wiki. Aliyekipeleka hufurahi kwa mng'aro. Makala haya yamwahi kabla hajafika kwa fundi.

Tunazungumzia kisu kisichokunjwa: bapa la chuma lenye ncha, mgongo na makali, na kwa nyuma lina msuka, yaani ule ulimi wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Pale bapa linapoingia mpinini huwa pana noleo, pete ya chuma au shaba inayozuia mti usipasuke. Ukitaka kupima kisu kabla ya kununua, usianze na makali, maana makali yanaweza kutiwa. Anza na msuka. Ulio mfupi hulegea, kisu kikageuka mkononi katikati ya kazi. Unaofika mwisho wa mpini, ukaonekana kama mstari wa chuma kati ya vipande viwili vya mti, ndio wa kazi ngumu.

Wahunzi wengi hufua visu na mapanga kwa springi za gari, na sababu si urahisi wa bei tu. Chuma cha springi kina kaboni kiasi cha asilimia 0.6. Hiyo inatosha kukifanya kigumu kikipashwa moto na kuzimwa ghafla kwenye mafuta, na bado kikabaki kinapindika kidogo bila kuvunjika. Tupa kuukuu ina kaboni zaidi, asilimia 1 na ushei, nayo hutoa makali ya ajabu, lakini huvunjika kama kigae ikiwa mhunzi hakuirudisha kwenye moto mdogo baada ya kuizima.

Huo moto mdogo ndio unaoharibiwa na mashine. Kisu kilichozimwa hutulizwa kwa joto la nyuzi 200 hivi au zaidi kidogo, na hapo ndipo hupata ugumu wake wa kudumu. Gurudumu la umeme likikandamizwa huweza kupita joto hilo kwa sekunde chache, hasa kwenye ukingo wa makali, ambako chuma ni chembamba na joto halina pa kukimbilia. Dalili ni rangi: kwanza manjano kama ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu inapokaribia nyuzi 300. Ukiona buluu, chuma pale kimelainika, na hakuna kinoo kitakachokirudishia ugumu. Dawa ni kuisaga sehemu yote iliyoungua, au kukipeleka kwa mhunzi akitie moto upya. Fundi mwangalifu huchovya kisu majini kila baada ya kukipitisha. Mwenye foleni ya watu ishirini mlangoni hana nafasi hiyo, na mara nyingi buluu yenyewe huifuta kwa msasa usiione.

Kunoa nyumbani si kazi ya ufundi mkubwa. Kinoo cha dukani chenye pande mbili, mmoja wa kukwaruza na mmoja laini, kinatosha. Wanaonunua kwa namba watafute 400 kwa kisu chenye mapengo na 1000 kwa kunoa kwa kawaida. Kiloweshe maji, kiweke juu ya kitambaa kibichi kisiteleze. Mwinuko wa kisu ndio unaowashinda wengi, nao unapimika kwa macho: kisu kikisimama wima ni nyuzi 90, nusu yake 45, nusu tena ni 22 na kitu. Kisu cha jikoni kishushe kidogo chini ya hapo, kati ya 15 na 20. Panga la kufyekea liwe 25 au zaidi, kwani makali membamba hupinda likigonga mti mkavu.

Muhimu zaidi ya nyuzi ni kutobadilisha mwinuko katikati. Paka wino wa kalamu nzito kwenye ukingo wa makali, sugua mara tatu, kisha tazama. Wino ukitoka juu tu, kisu umekilaza mno. Ukitoka kwenye ncha ya makali peke yake, umekiinua mno. Endelea upande huo huo mpaka, ukipapasa upande wa pili kwa kidole kutoka mgongoni kuelekea nje (usipitishe kidole kwa urefu wa makali), usikie kama uzi mwembamba wa chuma umejikunja. Wengi huacha kabla uzi huo haujatokea, kisha husema kinoo ni kibovu. Geuza, fanya vivyo hivyo, halafu upande laini kwa nguvu ndogo zaidi. Malizia juu ya mkanda wa ngozi, upande wa ndani, ukivuta kisu mgongo ukitangulia, kama vinyozi walivyokuwa wakifanya kwa wembe wa kale. Asiye na kinoo ageuze kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyopakwa rangi hunoa vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kuchinja, suala hili si la mapenzi ya mtu. Mtume (S.A.W.) ameamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe, na wanavyuoni wamechukia kunoa mbele ya mnyama mwenyewe. Kabla ya siku yenyewe pitisha kipande cha pamba kwenye makali yote; popote inaponasa pana pengo. Mgema naye analijua hili kwa njia yake: kotama butu huuponda mkole wa mnazi badala ya kuukata, na tembo hukatika.

Kisu cha kazi una ruhusa ya kukibadilisha upendavyo. Mpini uliooza utoe, weka mpingo, mti mzito unaozama majini na usiogope unyevu, ufunge kwa gundi ya epoksi na ribiti za shaba. Ncha iliyovunjika ichongwe upya kwa tupa au kinoo kutoka upande wa mgongo, si upande wa makali. Mimi sioni sababu ya kuhifadhi panga la shamba kama johari.

Jambia ni jambo jingine. Hilo ndilo lililovaliwa na mabwana harusi wa pwani pamoja na joho na kilemba, na ndugu yake wa Oman yumo katika bendera ya nchi hiyo tangu 1970. Ufundi wake uliingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Thamani yake iko katika yale ambayo mashine huyafuta: alama za nyundo, nakshi ya fedha, weusi wa miaka. Makali yake hayana kazi tena, basi yaache. Kutu nyekundu iguse kwa kitambaa na mafuta mepesi ya cherehani, polepole, siku kadhaa. Rangi ya kijivu iliyotulia si kutu inayokula chuma, usiihangaikie. Wajapani, ambao wanajua kutunza panga za kale, hutumia mafuta yaliyotiwa karafuu kidogo.

Tazama pia mpini. Baadhi ya majambia ya Yemen yalitiwa mipini ya pembe ya kifaru, na soko hilo lilichangia kuwamaliza vifaru weusi wa Kenya, waliokuwa takriban 20,000 mwaka 1970 na kufikia mwisho wa miaka ya themanini hawakutimia 400. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inakataza kuwa na kitu cha pembe ya kifaru au cha ndovu bila kibali, hata kama ni cha urithi. Mwenye shaka asikiuze wala asikitume kwa jamaa Ghuba. Aulize kwanza ofisi ya KWS. Na kisu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895 kinahesabiwa kuwa mali ya kale chini ya sheria ya makumbusho ya 2006, hakitoki nchini bila ruhusa.

Kuhusu kuhifadhi, hewa yetu ina chumvi, na ala ya ngozi hunyonya unyevu wote huo ukabaki kwenye chuma. Kisu kikae nje ya ala, kimepakwa mafuta, kimefungwa kitambaa cha pamba kikavu, na ala iwekwe kando yake. Kifunuliwe kila baada ya miezi michache, na hasa wakati wa masika.