Muuza Vitambaa na Mhariri Wake

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Watu huitumia methali hii wakizungumzia mali ya jirani, au ndoa yake. Mimi huikumbuka kila ninaposoma makala nzuri ya sayansi. Jina la mwandishi liko juu, ugunduzi uko katikati, na sifa zote zinamwendea yeye. Yule aliyeipokea ikiwa bado mbichi, akaisoma usiku, akauliza maswali, akakata hapa na pale, kisha akaamua hii itoke na ile isubiri, hatajwi popote.

Leo nataka tumtaje mmoja. Aliitwa Henry Oldenburg.

Oldenburg alikuwa Mjerumani wa mji wa Bremen, aliyezaliwa karibu mwaka 1619. Alifika Uingereza mwaka 1653 kama mjumbe wa mji wake kwa serikali ya Oliver Cromwell. Baadaye alipata riziki kwa kufundisha vijana wa familia kubwa, mmoja wao mpwa wa mwanakemia Robert Boyle. Alizunguka Ulaya na mwanafunzi huyo, akajifunza lugha, akajuana na watu. Yeye mwenyewe hakugundua nyota wala kanuni yoyote. Kipaji chake kilikuwa kujua nani anafanya nini, wapi, na nani mwingine angependa kujua.

Novemba 1660 kundi la wasomi wa London lilianzisha chama ambacho baadaye kiliitwa Royal Society. Mwaka 1662 Oldenburg akawa mmoja wa makatibu wake wawili. Kazi kubwa ilikuwa barua. Zilimjia kutoka Paris, Danzig, Roma, Amsterdam. Mtu ameona kimondo, mwingine amekata mwili wa mnyama, mwingine amepima baridi. Oldenburg alisoma zote, akatafsiri, akajibu, akampa huyu habari za yule. Ukitaka kumwelewa, mfikirie yule mtu mmoja katika ukoo ambaye simu zote hupitia kwake.

Kisha akapata wazo. Badala ya kunakili habari ileile kwa mkono mara kumi, kwa nini asichapishe? Tarehe 6 Machi 1665 toleo la kwanza la Philosophical Transactions likatoka, kurasa 16 tu. Paris walikuwa wamemtangulia kwa miezi miwili na Journal des sçavans, ila lile lilijaa zaidi habari za vitabu na za wasomi. La Oldenburg lilikuwa na kiu ya kitu kimoja: mtu aseme alichokiona.

Usidhani toleo lile la kwanza lilikuwa zito. Ndani yake mlikuwa na habari za lenzi mpya zilizotengenezwa Roma, doa ambalo Robert Hooke aliliona kwenye sayari ya Mshtarii, na saa za kusaidia mabaharia kujua walipo. Vilevile mlikuwa na uvuvi wa nyangumi huko Bermuda, na ndama aliyezaliwa na maumbile ya ajabu. Ndiyo, ndama. Sayansi na habari za kijiweni zilikaa benchi moja, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameamua bado ipi ni ipi. Uamuzi huo ndio Oldenburg alioanza kuufanya, toleo baada ya toleo, na kwa pesa zake mwenyewe. Jarida halikuwa mali ya chama, lilikuwa lake. Alitarajia limlishe, nalo lilimlisha kwa shida.

Ebu tuangalie alivyokuwa akichagua, maana hapo ndipo pana somo. Kwanza, tarehe. Chama kilikuwa na desturi ya kuandika siku barua ilipofika, na jarida likaitangaza tarehe hiyo kwa dunia nzima. Kabla ya hapo mtu aliyegundua jambo aliogopa kulitoa, lisije likaibwa. Sasa akawa na sababu ya kulitoa haraka, kwa sababu kulichapisha ndiko kulikolifanya liwe lake. Pili, jicho la pili. Baraza la chama lilitaka kila toleo lipitiwe na baadhi ya wanachama kabla ya kuchapwa. Haukuwa bado ule utaratibu wa leo wa wataalamu kuhakiki makala ya mwenzao. Kamati rasmi ya kupitia makala iliundwa mwaka 1752, chama kilipolichukua jarida. Lakini mbegu ilikuwa imeshapandwa. Tatu, majibu. Kijana Isaac Newton alipotuma barua yake kuhusu mwanga na rangi mwaka 1672, Oldenburg aliichapisha, halafu akachapisha na pingamizi zake, halafu na majibu ya pingamizi. Newton alichoshwa na mabishano hadi akaomba kujitoa kwenye chama. Oldenburg alimbembeleza, akabaki.

Kazi hiyo ilikuwa na bei. Mwaka 1665 tauni iliingia London. Wanachama wengi walikimbia na mikutano ikasimama, naye akabaki mjini akiendelea na barua zake. Baadhi ya matoleo yalichapwa Oxford. Mwaka 1666 moto mkubwa uliteketeza maghala ya wauza vitabu. Mwaka 1667, Uingereza ikiwa vitani na Uholanzi, serikali ikaanza kujiuliza: huyu Mjerumani anayepokea barua kila wiki kutoka nchi za nje ni nani hasa? Akatupwa katika gereza la Tower, London, zaidi ya miezi miwili. Alipotoka, alirudi kwenye meza yake na barua zake.

Sasa tufike kwa muuza vitambaa.

Mwaka 1673, Uingereza na Uholanzi zikiwa vitani tena, Oldenburg alipokea barua kutoka mji wa Delft, Uholanzi. Daktari mmoja, Reinier de Graaf, alikuwa akimtambulisha jirani yake, Antoni van Leeuwenhoek. Jirani huyo alikuwa ametengeneza hadubini bora kuliko zote zilizojulikana wakati huo, na pamoja na barua yalikuja maelezo ya aliyoyaona: ukungu wa kuvu, mwiba wa nyuki, chawa. Sisi tunasema kidole kimoja hakivunji chawa. Huyu bwana alitumia lenzi moja tu, ndogo kama punje, kumwona chawa kuliko mtu yeyote aliyemtangulia.

Mpime huyu mtu kwa vipimo vya siku zile. Hakusoma chuo kikuu. Alikuwa na duka la vitambaa. Hakujua Kilatini, lugha ya wasomi wote wa Ulaya, wala hakujua Kiingereza. Aliandika Kiholanzi cha kawaida, kile cha sokoni, akichanganya ugunduzi na habari za meno yake. Tena alikuwa raia wa nchi adui, na mhariri wake alikuwa ameshalala gerezani kwa sababu ya barua kama hizo. Mhariri mwoga angeiweka barua ile chini ya rundo. Oldenburg aliitafsiri na kuichapisha mwaka uo huo, kisha akamwomba Leeuwenhoek atume nyingine.

Zikaja nyingi. Ile ya Oktoba 1676 ndiyo iliyowasumbua watu. Leeuwenhoek alikuwa ameloweka pilipili manga katika maji, akitaka kujua ukali wake unatoka wapi. Alipoyatazama maji yale siku kadhaa baadaye, aliona viumbe hai wanaogelea, wadogo kiasi kwamba mamia kwa maelfu wangeenea ndani ya punje moja ya mchanga. Leo tunajua baadhi yao walikuwa bakteria. Siku zile ilikuwa ni kama jirani akwambie kuna mji mzima ndani ya kikombe chako cha chai.

Oldenburg hakuwa na hadubini ya kuthibitisha jambo hilo. Alikuwa na maandishi tu. Lakini maandishi yale yalikuwa na siku, saa, aina ya maji, maji ya mvua yalikaa wapi na kwa muda gani. Mtu anayetunga uongo hajisumbui hivyo. Aliyafupisha, akayatafsiri na kuyatoa mwanzoni mwa mwaka 1677. Wengi hawakuamini. Leeuwenhoek mwenyewe hakutaka kufichua jinsi alivyotengeneza na kutumia lenzi zake bora. Badala yake alituma hati za mashahidi wanane, wakiwemo wachungaji, walioapa kwamba nao wameona. Huko London majaribio ya mwanzo hayakuonyesha kitu. Mwezi Novemba 1677 Hooke alifanikiwa, na wanachama wakaona kwa macho yao.

Oldenburg hakuwepo. Alikuwa amefariki Septemba, miezi miwili kabla. Alichapisha moja ya makala kubwa kabisa katika historia ya biolojia bila kuishi kujua kama ilikuwa kweli. Yule muuza vitambaa alifanywa mwanachama wa Royal Society mwaka 1680, na aliendelea kuwaandikia mpaka alipofariki mwaka 1723 akiwa na miaka 90. Mpaka mwisho aliandika kwa Kiholanzi.

Sitaki kumfanya Oldenburg malaika. Hooke alimlaumu hadharani kwamba anavujisha siri za wagunduzi kwa wageni. Na mlango aliouacha wazi haukuwa wazi kwa wote. Wanawake wa kwanza hawakuingia Royal Society hadi 1945. Mwaka 1666 jarida lilichapisha orodha ya Boyle ya mambo ambayo msafiri anapaswa kuchunguza akifika nchi ngeni: hewa yake, maji yake, mimea yake, watu wake. Wenyeji wa nchi hizo walikuwa kwenye orodha kama kitu cha kuchunguzwa, pamoja na mimea. Hakuna aliyefikiria kuwaomba waandike wao.

Ilichukua karne tatu, na ikatokea hapa jirani. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, na nafasi kwenye friji ilikuwa ya kugombania. Mpemba akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto, na yakaganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Alikuja kujua kwamba wauza aiskrimu wa Tanga walikuwa na habari hiyo zamani. Huko Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akachekwa. Kisha Dakta Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipotembelea shule, Mpemba akauliza mara nyingine mbele ya wenzake, nao wakacheka tena. Osborne hakucheka. Aliahidi kujaribu, akajaribu, na mwaka 1969 jarida la Physics Education likachapisha makala yao.

Ninachokipenda katika makala ile ni mpangilio. Mpemba anaanza, kwa nafsi ya kwanza, anasimulia maziwa, friji, mwalimu na kicheko. Osborne anafuata na vipimo. Mtu mwingine angemgeuza kijana huyo kuwa tanbihi ya shukrani. Na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe ni kweli, na kama ni kweli, kwa nini. Hilo halipunguzi thamani ya kuichapisha. Aliyeona alisema alichoona na alivyofanya, na wengine wakapata cha kupinga.

Nina sababu yangu ya kuwang'ang'ania watu hawa. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika, na tangu hapo naishi kwa kuandika. Kuna jarida moja lilinirudishia makala kuhusu nzige kwa swali moja tu: una shahada gani? Hawakuuliza niliwaona wapi, niliwahesabu vipi, au nilizungumza na mkulima gani. Siku hizi vijana wenzangu hunitumia maandishi yao ya sayansi kwa Kiswahili niyapitie kabla hawajayatoa. Mengine ni mazuri ajabu. Mengine ni Kiingereza cha mtu mwingine kilichovalishwa kanzu, na unaijua harufu yake aya ya kwanza tu.

Kwa hiyo nimeazima kipimo cha yule mzee wa Bremen. Simuulizi mtu alisoma wapi. Namuuliza: uliona wewe, au uliambiwa? Lini? Kwa chombo gani? Mimi nikitaka kurudia, nianzie wapi? Mwezi uliopita msichana mmoja fundi cherehani, hapa mtaani kwetu, aliniletea kurasa nne za daftari. Ametazama viluwiluwi vya mbu kwenye pipa la maji ya mvua kwa siku kumi na moja, akiandika asubuhi na jioni. Kuna siku idadi haielewekani, na nimemwambia. Amerudi kuhesabu upya, pipa lilelile, mvua ikijaalia.